Mtoto "Mtukutu": Namna ya Kutafuta Jibu Kabla Hujakubali Jina la Ugonjwa

Daktari atakayemwona mwanao kwa robo saa hajui anavyokuwa saa tatu usiku, wala anavyokuwa darasani baada ya uji wa saa nne. Na watoto hawa wana tabia moja ya kukuumbua: yule anayekupasua kichwa nyumbani, akiingia kwa daktari hukaa kitini, huamkia "shikamoo" vizuri, na wewe mama ukaonekana ndiye mwenye shida. Kwa hiyo kazi ya kwanza si ya daktari. Ni yako, na inaanza nyumbani wiki kadhaa kabla hujaenda kupanga foleni.

Mimi ni wakala wa M-Pesa hapa Likoni. Kutwa nzima naandika: tarehe, saa, jina, kiasi, sahihi. Mwanangu Sudi alipofika gredi ya pili na malalamiko ya shule yakawa hayaishi (hasikii, anapiga wenzake, hamalizi kazi), nilichukua daftari lingine la aina ile ile, nikapiga mistari ile ile, nikaanza kumwandika yeye. Daftari hilo limenisaidia kuliko pesa zote nilizotoa, ndiyo maana naanza nalo.

Andika ulichokiona

"Ana kiburi" haimsaidii daktari. "Saa kumi na mbili unusu jioni, nimemwambia alete ndoo, amesimama mlangoni anaangalia ukuta, halafu ananiuliza 'umesema nini mama?'" inamsaidia. Weka saa, alikuwa wapi na nani, kilichotangulia, alichofanya hasa, na ilivyokwisha. Pembeni andika alilala saa ngapi, kama alikoroma, na alichokula. Siku njema nazo ziandike. Watu husahau hilo, kumbe siku ambayo mtoto alitulia inaweza kukuambia zaidi kuliko kumi za vurugu.

Baada ya wiki mbili tatu, kaa na daftari kama unavyofunga hesabu. Vurugu zinakuja kabla ya chakula? Siku za hesabu tu? Akitoka kwa babake? Kuna tarehe ambayo kabla yake mtoto alikuwa mzima? Tabia iliyobadilika ghafla ina chanzo chake: mtoto mchanga amezaliwa, wazazi wametengana, mtu amefariki, mwalimu anachapa, au kuna mtu mzima anamfanyia jambo baya. Hapo ongea naye peke yake, taratibu, msiwe mezani mbele ya watu. Ukihisi ameguswa vibaya, kuna simu ya bure ya watoto hapa Kenya, 116. Piga. Hilo halingoji daftari lijae.

Kama ana matukio ya ajabu ajabu, mchukue video. Weka simu kwa ubavu, uso wake uonekane, na katikati ya tukio mwite jina kisha mguse bega. Usiache kumgusa. Mtoto aliyezama kwenye mawazo yake ukimgusa hushtuka. Asiposhtuka, akaendelea kuangalia tu, video hiyo usiifute hata simu ikijaa.

Mwalimu na madaftari ya shule

Usimvamie mwalimu langoni kengele ikilia. Darasa lake limejaa pomoni na wewe si mzazi wa kwanza siku hiyo. Omba nafasi, na ukipewa, usianze na "mwanangu anaonewa". Mimi nilimwuliza madam mambo matatu: somo gani Sudi hutulia, akikaa mbele kunabadilika kitu, na je, akikatizwa akiwa anaandika huweza kurudi alipokuwa. La tatu lilimfanya anyamaze kidogo. "Mama Sudi, hebu angalia hiki," akasema, akanitolea daftari la imla.

Lilikuwa na mashimo. Sentensi inaanza vizuri, herufi zimesimama, halafu yanakosekana maneno mawili matatu katikati, halafu inamalizika vizuri vilevile. "Juma na dada yake walikwenda … samaki wawili." Mtoto asiyejua kuandika hakosei hivyo. Asiyetaka kuandika naye hakosei hivyo. Nilipiga picha kurasa kadhaa. Wewe pia omba madaftari, hata kama huna elimu kubwa: tazama kama makosa yanajirudia kwa namna moja, kama anageuza herufi, kama kazi ya ubaoni inamshinda lakini ya kitabuni anaiweza (hapo fikiria macho), kama anachosikia anakiandika visivyo (hapo fikiria masikio).

Daktari akitoa fomu za maswali, omba mbili, ya mzazi na ya mwalimu. Iko moja inayoitwa SDQ, ina maswali 25, na imeshatafsiriwa kwa Kiswahili, kwa hiyo hakuna sababu ya kujaziwa na mtu mwingine eti kwa kuwa Kiingereza chako kidogo. Jua tu kwamba fomu hizi ni za kuchuja. Alama nyingi maana yake ni "tuangalie zaidi", haijawa hukumu.

Vitu vya mwili kwanza

Hapa ndipo wengi huruka, wakakimbilia majina makubwa. Kabla hujakubali kuambiwa mwanao ana ADHD (shida ya kutotulia na kutoshika umakini), au usonji (autism), au "ugonjwa wa akili", vitu hivi viwe vimeangaliwa na mtu na si kukisiwa.

Masikio. Mtoto aliyewahi kutokwa na usaha, au anayepata mafua yasiyokwisha, anaweza kuwa na maji nyuma ya ngoma ya sikio. Maji hayo hujaa na kupungua, kwa hiyo leo anasikia, kesho hasikii, na nyumba nzima inasema anajifanya. Kumwita kwa sauti akageuka si kipimo. Omba apimwe kwa mashine katika kitengo cha masikio, pua na koo.

Macho, vilevile. Ni kipimo rahisi.

Usingizi. Mtu mzima akikosa usingizi husinzia, mtoto akikosa huruka ukutani. Kama anakoroma kila usiku, analala mdomo wazi, anatoa jasho na kujigeuzageuza, mwambie daktari aangalie nyama za pua. Na kama analala saa tano kwa sababu televisheni iko chumba kimoja na kitanda, anza na hiyo. Haina gharama.

Damu. Upungufu wa madini ya chuma humfanya mtoto achoke, akasirike, asishike anachofundishwa. Kwenye familia zenye selimundu (sickle cell) mwambie daktari wazi, maana ugonjwa huo unaweza kuziba mishipa midogo ya ubongo bila mtoto kuonekana amepooza popote. Na kama mnakaa karibu na mahali betri kuukuu zinayeyushwa, taja hilo hata usipoulizwa. Watu wa Owino Uhuru, hapa hapa Mombasa, wanajua madini ya risasi yalivyowaingia watoto damuni. Mahakama mwaka 2020 iliamuru walipwe shilingi bilioni 1.3, na kesi ikaendelea hadi Mahakama ya Juu. Risasi huharibu ubongo unaokua, na tabia ni sehemu ya uharibifu huo.

Malaria. Sisi wa Pwani tunaihesabu kama mafua. Lakini iliyopanda kichwani, mtoto akazimia au akapigwa na degedege mfululizo, inaweza kuacha shida ya kumbukumbu, ya usemi, ya tabia, au kifafa. Watafiti wa KEMRI pale Kilifi wamewafuatilia watoto wa namna hiyo kwa miaka mingi. Kwa hiyo usiseme "aliugua tu malaria akiwa na miaka mitatu". Sema alilazwa lini, alizimia muda gani, alitoka akiwaje.

Halafu kifafa. Tumezoea kile cha kuanguka na kutoka povu. Kiko kingine kisichomwangusha mtu: mtoto anazima kwa sekunde chache, macho yamemkodoka, kope zinachezacheza, kisha anaendelea alipoachia kana kwamba hakuna kitu. Kinaweza kuja mara nyingi kwa siku moja. Kila mara anapitwa na kipande cha maisha: maagizo ya mwalimu, zamu yake kwenye mchezo, swali aliloulizwa. Wenzake wanacheka, anapiga. Mwalimu anauliza, hajui. Anaitwa mjeuri.

Namna tulivyofika

Kliniki ya kwanza niliyompeleka, ya kulipia, ilitoa jina la ADHD hata sijakaa vizuri. Daftari halikufunguliwa. Nikaandikiwa dawa na tarehe ya kurudi. Niliuliza swali moja tu, "umeona nini kilichokufanya useme hivyo?", nikajibiwa kwamba watoto wa siku hizi wengi wako hivyo. Nikakunja karatasi yangu nikaenda zahanati ya serikali kutafuta barua ya rufaa.

Kwenye kliniki ya watoto ya hospitali kubwa tulikaa foleni mpaka nikakata tamaa, sitakudanganya. Lakini daktari aliyetuona alisoma daftari. Alisoma akirudi nyuma, akapiga mstari chini ya mambo kadhaa, akaomba video, akaitazama mara ya pili. Kisha akachukua karatasi, akaikunja ikawa feni, akaibana na pini kwenye kalamu.

"Sudi, ipulize. Isisimame mpaka nikwambie."

Sudi akapuliza kwa nguvu zote, maana alipewa mchezo. Hazikufika dakika tatu. Feni ikasimama. Mkono wake bado umeshika kalamu, macho yamepanda juu kidogo, kope zinapigapiga upesi, mdomo unatafuna kitu ambacho hakipo. Daktari akamgusa bega, akamwambia, "Tembo." Sudi hakugeuka. Ghafla akavuta pumzi, feni ikaanza kuzunguka tena.

"Nimekwambia neno gani?"

Sudi akamwangalia kama aliyeonewa. "Hujaniambia kitu."

Nilikuwa nimeona hivyo nyumbani mara zisizo na idadi, nikaita uzembe. Daktari alinieleza kwamba kupumua haraka vile huweza kuchokoza aina hiyo ya kifafa, ndiyo maana hutumika kama kipimo. Usijaribu nyumbani, na mtoto wa selimundu kupumua vile kunaweza kumletea madhara makubwa, kwa hiyo mpimaji lazima aambiwe mapema. Tukapelekwa kwenye EEG, kipimo cha mawimbi ya ubongo. Wanabandika vijiwaya kichwani, haviumi, na nywele zioshwe kabla bila mafuta. Nayo ikasema yale yale.

Kwa nini nakueleza haya kwa urefu? Kwa sababu hata ndani ya neno "kifafa" kuna aina, na dawa hazifanani. Carbamazepine, ambayo inafaa aina nyingine, inaweza kukizidisha hiki cha kuzima. Jina la jumla jumla lingetosha kumdhuru mtoto.

Sasa sehemu ambayo watu hawapendi nikiwasimulia, maana haina ushindi mtupu. Sudi alipoanza dawa, kule kuzima kuliisha. Mashimo ya imla yakajaa. Lakini kutotulia hakukuisha kote. Bado alikuwa akisimama katikati ya somo, bado alikuwa akijibu kabla ya swali kwisha. Daktari alingoja, akatuma fomu upya nyumbani na shuleni, akaangalia kama dalili zipo sehemu zaidi ya moja, kama zimedumu miezi sita na zaidi, kama zilianza akiwa mdogo, kabla ya miaka 12. Mwisho akasema ndiyo, ADHD ipo pia. Vitu hivi viwili hukaa pamoja kwa watoto wengi. Kwa hiyo ile kliniki ya kwanza ilipatia nusu ya jibu, lakini ilipatia kwa kubahatisha, na nusu iliyobaki ndiyo iliyokuwa ikimzimisha mwanangu darasani.

Pa kwenda

Anza zahanati au kituo cha afya upate rufaa, isajili familia SHA, bima ya afya ya serikali, kabla ya safari na si siku ya safari, kisha uende hospitali ya kaunti, kliniki ya watoto. Pwani wengi huishia Coast General, ambayo wenyeji bado tunaiita Makadara. Nairobi ipo Kenyatta na Mathari, Eldoret ipo Moi. Madaktari wa akili waliobobea kwa watoto ni wachache nchini na wengi wako Nairobi, kwa hiyo usimdharau daktari wa watoto anayesikiliza.

Njia ya pili inakwenda sambamba na hiyo, na wazazi wengi hawaijui: vituo vya kupima wanafunzi vya Wizara ya Elimu, vinavyoitwa EARC. Viko nchi nzima tangu miaka ya 1980. Ulizia ofisi ya elimu ya kaunti ndogo yenu. Hawa hawatoi dawa. Wanaangalia mtoto anajifunzaje, anasomaje, anaongeaje, na anahitaji msaada gani shuleni. Taasisi ya elimu maalumu, KISE, kule Kasarani, Nairobi, nayo ina kituo cha upimaji. Ripoti zao ndizo zitakazohitajika mtoto akifika mitihani ya taifa na mkataka aongezewe muda na baraza la mitihani, KNEC, kwa hiyo zitunze kwenye plastiki.

Ukienda, beba karatasi moja, isizidi: mimba ilikuwaje, alilia alipozaliwa au alichelewa, alipata manjano, alikaa lini, alitembea lini, neno la kwanza lini, amelazwa kwa nini, anatumia dawa gani, na nani mwingine kwenye ukoo alikuwa hivyo. Kijitabu cha kliniki kina majibu mengi ya hayo, kitafute chini ya kitanda. Daftari na video viwe mkononi.

Na usitoke bila kuuliza haya: Umeona nini kilichokufanya useme hivi? Ni kitu gani kingine kinafanana na hiki, na umekiondoaje? Tukianza dawa, nitegemee kuona nini na baada ya muda gani? Isipokuwa hivyo, tunafanya nini? Daktari mzuri hakasiriki kwa maswali haya. Mwenye kukasirika amekujibu tayari.

Jihadhari na mtu anayekuuzia picha ya kichwa, CT au MRI, akidai itaonyesha ADHD au usonji. Picha hizo zina kazi yake, daktari akishuku uvimbe au jeraha, lakini magonjwa hayo mawili hayaonekani kwenye picha wala kwenye damu. Hutambuliwa kwa kumwangalia mtoto na kuuliza watu wanaoishi naye. Na mwenye chupa za "kusafisha ubongo" mpite.

Wa nyumbani

Mama mkwe alisema ni dege, yaani pepo wa watoto. Alitaka Sudi asomewe, anyweshwe kombe, yale maji yaliyooshewa aya zilizoandikwa. Sikugombana naye. Ustadhi alikuja akasoma, nami nikaitikia amina, kwa sababu dua haizuii kipimo na kipimo hakizuii dua. Nilishikilia mambo mawili: dawa ya hospitali isikatizwe hata siku moja, kwani kifafa hurudi kwa kishindo dawa ikikatwa ghafla, na asipewe mizizi ya kunywa bila daktari kuambiwa. Ustadhi mwenyewe aliniunga mkono hapo, kwa hiyo usidhani kila mara mtakuwa pande mbili.

Kuchapa nako kutakuja, kutoka kwa mjomba au kwa mwalimu. Kwa shuleni sheria iko wazi, Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza. Kwa mjomba nilimwonyesha ile video ya Sudi amezima huku namgusa bega. Aliitazama mpaka mwisho, akaniuliza kama inaweza kutumwa kwa WhatsApp. Nikakataa. Video za mtoto ni za daktari, na akikua zitakuwa zake, hazirushwi kwenye magrupu ya familia.

Majibu yakitoka, omba nakala yenye mhuri, jina la ugonjwa limeandikwa kwa maneno kamili na si kwa herufi za mkato peke yake, dawa na kiasi chake, na tarehe ya kuangaliwa tena. Toa kopi mbili: moja ya mwalimu wa darasa, nyingine ya mwalimu mkuu, maana walimu huhamishwa. Daftari usiliache. Mimi sasa naandika mara chache, dawa ikibadilishwa au muhula ukianza, na kila tukirudi kliniki daktari mpya hukalia kiti kile kile akiwa hamjui Sudi. Namfungulia ukurasa wa mwisho kwanza.